Namna ya kuanzisha kikundi cha kuwatembelea wazee na wagonjwa mtaani kwako

Kila mara kuna mtu ananiuliza maswali yale yale. Tunaanzia wapi? Lazima tusajiliwe kwanza? Pesa tutatoa wapi? Tukimkuta bibi hana mtu kabisa, tunafanyaje? Nimejibu kwa simu, nimejibu barazani, na sasa nayaandika yote mahali pamoja ili ukishasoma uweze kuanza wiki hii hii.

Mtaani kwetu mtu akifariki, turubai linafungwa kabla jua halijazama. Viti vinafika, daftari la rambirambi linafunguliwa, kina mama wanaingia jikoni bila kuitwa. Kwa hiyo usiniambie watu wetu hawajui kusaidiana. Lakini marehemu huyo huyo pengine amelala kitandani miezi minane, anahudumiwa na mjukuu wa darasa la tano, na nyumba ya tatu kutoka pale hawana habari. Kikundi ninachokueleza hapa kazi yake ni kuzileta nguvu zile za msibani mapema, mtu angali hai.

Nimeandika kwa utaratibu wa mitaa ya mijini Tanzania Bara. Kama uko kijijini, niliposema mtaa weka kijiji na kitongoji. Kama uko Zanzibar, mlango wako wa kwanza ni sheha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu sita hadi kumi na wawili ambao kila mmoja anaweza kutoa saa mbili kwa wiki bila kukosa. Mwenye saa kumi wiki hii na asiyeonekana mwezi mzima unaofuata hakufai kwa ziara, mpe kazi nyingine.
- Kaunta buku mbili na kalamu.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa (hatua ya 2).
- Glavu boksi moja, sabuni za kipande, kitambaa safi, na kikatio cha kucha kimoja kwa kila jozi.
- Namba za simu za mtendaji wa mtaa, zahanati iliyo karibu, dawati la jinsia na watoto la polisi, na bodaboda au bajaji wawili wanaokubali kuitwa usiku.

Ofisi, fulana, bango na mfadhili havihitajiki. Vikundi vingi nilivyoviona vikifa vilianza kwa fulana.

Hatua ya 1: Anza na watatu

Usiitishe mkutano mkubwa. Tafuta watu wawili ambao kazi hii wanaifanya tayari bila kuipa jina. Kila mtaa unao: ukimtajia mgonjwa, unakuta yeye ameshakwenda jana na uji. Kaeni watatu, mkubaliane mambo matatu tu: siku ya ziara, mpaka wa eneo lenu, na kwamba kikundi hakina chama wala dini. Halafu kila mmoja alete wawili au watatu anaowaamini.

Hakikisheni wapo wanaume. Kazi ya kutunza wagonjwa tumezoea kuwaachia kina mama, lakini babu wa miaka 80 hatakubali kuogeshwa na binti wa jirani, na ana haki ya kukataa. Mkipata nesi au tabibu mstaafu hata mmoja, mmepata hazina. Na watu watoke msikitini na kanisani pia, vinginevyo nusu ya milango ya mtaa mtaiona kwa nje tu.

Kosa la kawaida: kumpa uenyekiti mtu kwa sababu ana gari au duka. Mpeni anayefika.

Hatua ya 2: Nendeni serikali ya mtaa kabla hamjabisha hodi popote

Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa: majina yenu, namba za simu, mtakachofanya, na eneo. Ombeni barua ya utambulisho yenye muhuri. Mkiwa pale, ulizeni majina ya watu watatu mtakaowahitaji sana huko mbele: afisa ustawi wa jamii anayehudumia kata yenu, afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu.

Barua hiyo itawaokoa. Watu wawili wasiojulikana wakiingia kila wiki kwa bibi anayeishi peke yake kwenye kiwanja kikubwa, majirani watawaza kwanza wezi, halafu madalali wa viwanja. Wako sahihi kuwaza hivyo.

Tahadhari: uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 2024. Miezi ya kampeni ikifika, mtapata wageni wengi wanaotaka "kuambatana nanyi" kuona wazee. Kataeni wote, hata yule mnayempenda. Mkikubali mmoja, wafuasi wa wengine wataacha kuwafungulia.

Hatua ya 3: Tengenezeni orodha

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wanachukua majina matano yanayojulikana na kuridhika. Wanaojulikana mara nyingi wameshasaidiwa. Unaowatafuta wamejificha, au wamefichwa.

Mjumbe wa nyumba kumi atakupa majina ya kwanza. Baada ya hapo nenda kwa mwenye genge na mwenye duka, wao wanajua nani alikuwa ananunua nusu kilo ya unga na sasa ananunua robo, na nani haonekani tena. Nenda kwa mwalimu wa shule ya msingi, umuulize mtoto gani anakosa shule mara kwa mara kwa sababu "bibi anaumwa". Imamu, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mama anayeuza maji, nesi wa zahanati, ulizeni wote. Kisha tembeeni kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Makundi haya hupitwa sana:

- Mzee mwanaume aliyepanga chumba kimoja, alikuja mjini kutafuta kazi zamani, ndugu wamebaki mkoani na mawasiliano yamekatika. Hana wa kumsemea.
- Mtu mwenye ulemavu wa akili anayefungiwa ndani mchana familia ikiwa kwenye shughuli.
- Bibi anayelea wajukuu watatu au wanne. Yeye mwenyewe atakuambia hana shida, shida ni ya watoto.
- Mlezi. Binti au mke aliyemtunza mgonjwa wa kiharusi miaka miwili bila kupumzika naye ni mhitaji. Muandike jina lake kivyake.
- Bibi anayenong'onwa kuwa ni mchawi. Kanda ya Ziwa tumezika wanawake wazee waliouawa kwa kushukiwa hivyo, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Ukisikia mnong'ono wa namna hiyo, usiuache ukae hata usiku mmoja: mjulishe mwenyekiti wa mtaa na polisi, na ziara za nyumba hiyo ziongezwe, zionekane.

Mkishapata orodha, jiulizeni maswali matatu kwa kila jina. Nani anampikia? Nani anamsaidia kuoga na kufua? Akizidiwa usiku anamwita nani? Akikosa jibu kwa mawili kati ya haya, anaanza yeye.

Hesabu ya uwezo ni hii: jozi moja ihudumie kaya mbili, zikizidi sana tatu. Mkiwa watu kumi ni jozi tano, kwa hiyo kaya kumi hadi kumi na tano. Anzeni na kumi. Kaya kumi zinazotembelewa kila wiki mwaka mzima zinanufaika kuliko kaya mia zilizopata kilo mbili za mchele siku ya Idi. Najua inauma kuacha majina kwenye karatasi. Majina hayo yapelekeni kwa afisa ustawi wa jamii, na mweke nakala.

Hatua ya 4: Ziara ya kwanza, nendeni mikono mitupu

Ndiyo, mitupu. Mkianza na unga, mtakuwa watu wa unga, na siku mkikosa unga mtaona aibu kwenda na yeye ataona mmemtupa. Mara ya kwanza nendeni mkajulikane.

Bisheni hodi, msubiri mkaribishwe. Shikamoo kwanza, jina la ukoo na unakotoka baadaye kidogo, habari ya kazi yenu mwisho. Kaeni pale mnapoonyeshwa, hata kama ni kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mkipewa maji, kunyweni. Waelezeni kwa maneno mepesi kuwa mnatembelea majirani kila wiki, hamtoi pesa, mnaweza kusaidia kazi ndogo za nyumbani na kufuatilia mambo ya hospitali na ofisi, na kwamba akikataa hakuna atakayekasirika.

Kama anaishi na mwanawe au mkwe, ongeeni na huyo pia, mbele ya mzee. Familia nyingi huogopa kwamba mmekuja kuwashitaki. Msianze kwa kukagua.

Akikubali, pangeni siku na saa. Kisha fikeni siku hiyo na saa hiyo.

Hatua ya 5: Daftari la ziara

Kila kaya ina ukurasa wake. Andikeni tarehe, walioenda, kilichofanyika, kilichoahidiwa, na nani atakitimiza. Mistari mitano inatosha.

Jina la ugonjwa lisiandikwe. Andika "anakwenda kliniki kila mwezi, tarehe 12", yatosha. Mtu akikuambia anatumia dawa za kufubaza virusi, hilo limekuja kwako peke yako, hata mwenzako wa jozi halimhusu mpaka mwenyewe aseme. Daftari lilale kwa katibu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata kama isingekuwepo, siri ya mgonjwa ikitoka kwenye kikundi chenu kazi imekwisha mtaa mzima.

Kuhusu picha nitasema wazi: msipige. Picha ya bibi mwenye gauni lililochanika akipokea mche wa sabuni kutoka kwa watu saba wanaotabasamu inamdhalilisha, na inabaki kwenye simu za watu hata akishafariki. Wafadhili wakitaka ushahidi, waonyesheni daftari la fedha, au waje wenyewe wakaribishwe na mwenye nyumba.

Hatua ya 6: Ziara ya kila wiki

Daima wawili wawili, na kwa mtoto au mtu asiyeweza kujieleza hata siku moja asibaki mmoja wenu peke yake naye. Ziara ikae angalau nusu saa.

Anza na mazungumzo, macho yakifanya kazi. Jiko lina majivu ya leo au ya juzi? Ndoo ya maji imejaa? Nguo iliyolowa imeanikwa? Usiulize "unakula vizuri?" kwa sababu jibu la kila mzee ni "Mungu anasaidia." Uliza: "Jana usiku mlipika nini?" Hapo utajua.

Baada ya hapo fanyeni kazi moja au mbili, zile anazozitaka yeye. Kuchota maji, kufua shuka, kukata kucha, kufagia uwanja, kumsogeza nje apate jua la asubuhi, kumsomea Kurani au Biblia, kumpigia simu mwanawe aliye mbali. Kuna babu mmoja ambaye kwa miezi mitatu hakutaka kitu ila kusomewa gazeti. Tulimsomea. Mwezi wa nne ndipo alipotuonyesha kidonda cha mguuni.

Kwa asiyeinuka kitandani, wafundisheni wanaomtunza mambo haya:

- Ageuzwe kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia. Vidonda vya kulalia huanzia juu ya makalio, visigino, nyonga na mabega. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi na rangi haiondoki ukibonyeza, kidonda kimeshaanza chini. Msisugue, msipake mafuta ya taa wala dawa ya meno, apelekwe au nesi aitwe.
- Shuka likae kavu na lisiwe na mikunjo. Nepi za watu wazima ni ghali, kitambaa cha pamba kinachobadilishwa na kufuliwa kinafanya kazi ile ile.
- Chakula na maji apewe akiwa ameketishwa, kidogo kidogo. Mgonjwa wa kiharusi akilishwa amelala chali anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni.
- Kabla ya kugusa usaha, damu au haja, glavu. Baada ya kuvua glavu, maji na sabuni.

Dawa ni eneo lenye hatari. Kazi yenu ni kumkumbusha na kuona kama zinakaribia kwisha. Msiongeze, msipunguze, msimpe za mtu mwingine. Wazee wengi huacha vidonge vya shinikizo la damu wakijisikia nafuu, kwa hiyo kila mwezi zimwageni pakiti zote mezani, na siku ya kliniki mzibebe zote kwenye mfuko mmoja daktari azione.

Haya hayasubiri kikao wala ruhusa ya mtu, ni hospitali moja kwa moja: mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, kushindwa kusema, kuchanganyikiwa ghafla, kupumua kwa shida, kutoamka. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipelekwe kupimwa kifua kikuu, matibabu yake ni bure.

Hatua ya 7: Mpelekeni kwenye haki zake

Hapa ndipo kikundi kidogo kisicho na pesa kinapofanya makubwa. Huduma nyingi zipo, ila mtu wa miaka 78 asiye na miwani, nauli wala mtu wa kumshika mkono hazifikii. Ninyi muwe miguu yake.

Matibabu ya mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na inaelekeza wasio na uwezo watibiwe bure. Utambuzi unaanzia serikali ya mtaa: jina lake liende kata, kisha halmashauri, apate kitambulisho. Fuatilieni kila hatua, karatasi hulala mezani. Hospitalini ulizeni dirisha la wazee, na mmoja wenu aende naye, akae naye mpaka dawa itoke.

Kitambulisho na laini ya simu. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mambo mengi yanakwama, hata kusajili laini. Kuna tatizo la vidole: jembe la miaka mingi limefuta alama, mashine inakataa. Rudieni kwa kidole kingine, mikono ikiwa imeoshwa na kukaushwa, na ikishindikana muombe ofisi iwaelekeze utaratibu mwingine. Msikubali kusajili laini ya mzee kwa jina lenu.

Kaya maskini sana. Mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini huandikisha kwa utambuzi unaofanyika kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Hamna uwezo wa kuingiza jina, msimuahidi mtu. Mnachoweza ni kuhakikisha mkutano wa utambuzi ukitangazwa, asiyeweza kutembea ana wa kumtaja. Kule Zanzibar, kila mwenye miaka 70 na kuendelea ana Pencheni Jamii, iliyoanza 2016, kwa hiyo mkimkuta ambaye haipati, anzeni na hilo.

Mtu mwenye ulemavu. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumuona kuhusu vifaa kama kiti mwendo, fimbo nyeupe na mafuta ya kinga ya jua kwa wenye ualbino. Pimeni mlango na njia ya choo kabla ya kuomba kiti mwendo. Nimeona viti vizuri vikiwa kabati la nguo kwa sababu havipiti mlangoni. Anayeweza kufanya biashara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa. Mwelezeni hivyo tangu mwanzo.

Mtoto anayeteswa au kuachwa. Namba ya kupiga ni 116, ni bure. Piga pia dawati la jinsia na watoto polisi. Msimuite mtuhumiwa "muyamalize kifamilia". Ushahidi unapotea na mtoto anaumia mara ya pili.

Kiwanja, mirathi, ndugu wanaomtoa mjane ndani ya nyumba. Tafuteni msaidizi wa kisheria wa eneo lenu, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure. Ninyi msishike hati, msiandike wosia, msiwe mashahidi wa mauzo. Hata mzee akiwaomba kwa machozi.

Hatua ya 8: Fedha, kidogo na zionekane

Chukulia mko kumi na wawili, kila mmoja anatoa shilingi 2,000 kwa wiki. Ni 24,000 kwa wiki, 96,000 kwa wiki nne. Gaweni hivi: theluthi moja, yaani 32,000, isiguswe ila kwa dharura ya usiku, bajaji na kulazwa. Zinazobaki 64,000 ni nauli za kliniki, sabuni, glavu, na dawa zilizokosekana zahanati. Haitoshi kila kitu. Inatosha kuanza, na ina sifa moja kubwa, inarudi kila wiki bila kumwomba mtu.

Wanaojua VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wanalijua sanduku la kufuli tatu: funguo kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Tumieni hilo, au akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Pesa ya kikundi isikae hata usiku mmoja kwenye simu binafsi ya mweka hazina. Simsingizii mtu wizi. Mtoto wake akiugua usiku, atakopa kidogo kwa nia ya kurudisha, na ndivyo urafiki wa miaka ishirini unavyovunjika.

Kila matumizi yawe na risiti. Bodaboda hatoi risiti, kwa hiyo andikeni kwenye kipande cha karatasi, naye aweke sahihi. Mwisho wa mwezi mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, mtu yeyote wa mtaa akitaka kusikiliza akaribishwe.

Vitu pia ni mchango. Fundi seremala atarekebisha kitanda, mwenye genge atatoa mboga za jioni, vijana wa kijiweni watabeba mgonjwa mpaka barabarani. Waombeni kitu mahususi. "Tunahitaji mtu wa kuziba bati mbili Jumamosi asubuhi" kunajibiwa haraka kuliko "tunaomba mtuunge mkono."

Hatua ya 9: Usajili, baada ya miezi mitatu au minne

Mtashangaa nimeuweka mwisho. Nimefanya hivyo kwa makusudi: miezi mitatu itawaonyesha nani amebaki. Katiba iandikwe na waliobaki.

Kwa kikundi cha mtaa mmoja, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama yenye sahihi, na barua ya maombi iliyopita kwa mtendaji wa mtaa na wa kata kwenda halmashauri. Katiba iwe fupi na iseme hasa nani anatia saini benki, mtu anatolewaje, na mali zinakwenda wapi kikundi kikivunjika. Msinakili ya watu wengine mkabadilisha jina tu. Nimesoma katiba ya kikundi cha wagonjwa iliyokuwa na kifungu cha mgao wa mizinga ya nyuki.

Mkitaka kufanya kazi wilaya nzima au kupokea fedha za wafadhili wakubwa, hapo mnaingia kwenye Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, yenye ripoti za kila mwaka na ada. Na kama mnataka kuweka na kukopeshana, hilo liko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na lina usajili wake. Msichanganye sanduku la mikopo na sanduku la wagonjwa.

Mkikwama

Wanakikundi wanapungua. Kawaida hutokea baada ya mwezi wa pili. Uliza kila mmoja faraghani. Mara nyingi sababu ni kaya ngumu aliyopewa, au amechoka na anaona aibu kusema. Badilisheni jozi kila miezi mitatu, ila mmoja abaki ili mzee asipokee sura mbili ngeni kwa siku moja.

Familia imewafungia mlango. Msilazimishe. Rudini wiki inayofuata, salimieni tu, ondokeni. Mtumieni mtu wanayemheshimu. Lakini kama mna sababu ya kuamini mtu anapigwa, ananyimwa chakula au amefungwa kamba, hiyo si faragha tena, afisa ustawi wa jamii na polisi wajulishwe siku hiyo hiyo. Majeruhi akihitaji hospitali haraka, apelekwe kwanza, mwenzenu mmoja afuatilie PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituoni.

Mzee anataka pesa kila mnapofika. Mkumbusheni kwa upole makubaliano ya siku ya kwanza, kisha chunguzeni. Huenda ana deni la kodi ya chumba au dawa. Ombi likishajulikana sababu yake, lipelekwe kikaoni. Mtu binafsi asitoe kimya kimya kutoka mfukoni mwake, maana jozi itakayofuata itaonekana ina roho mbaya.

Mwanakikundi anatuhumiwa kuchukua kitu. Asimamishwe ziara siku hiyo, bila kutangazwa. Watu watatu wasiohusika wasikilize pande zote, na jibu litoke ndani ya wiki. Kama ni kweli, anaondoka na kilichochukuliwa kinarudishwa. Kama si kweli, anarudi na mwenyekiti anafuatana naye ziara ya kwanza.

Majina yamezidi uwezo wenu. Msiongeze kaya kwa kila jozi. Saidieni mtaa jirani uanzishe kikundi chake. Mpeni mtu mmoja mwenye uzoefu awasindikize kwa miezi miwili.

Mnayemtembelea amefariki. Litatokea, na kama mmeanza na walio dhaifu zaidi litatokea mapema. Nendeni msibani kama majirani wengine, mfanye kazi za msibani. Siri zake zibaki kwenu hata sasa, kuna ndugu watakaouliza alikuwa anaumwa nini. Funguo au karatasi yoyote yake iliyo kwenu ikabidhiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi. Baada ya arobaini, mpitieni mlezi aliyebaki, hasa kama ni mtoto, mhakikishe amerudi shule. Na ile jozi ipumzishwe wiki mbili kabla ya kupewa kaya mpya.